Wenye Maduka Madogo ya Vepu na Sheria za Majimbo ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara vikao vya bunge la jimbo vinapokaribia. Wanaouliza ni wenye maduka, wauzaji wa kaunta, na Waswahili walioko Marekani ambao wameingia kwenye biashara ya vepu, yaani sigara za kielektroniki, au wanafikiria kuingia. Majibu yanahusu Marekani peke yake, isipokuwa swali la mwisho. Hayachukui nafasi ya wakili wala mhasibu.

## Mambo ya msingi

Sheria za vepu zinatungwa Washington au kwenye majimbo?

Kote kuwili. Serikali ya shirikisho, kupitia FDA, mamlaka yake ya chakula na dawa, ndiyo inayoamua bidhaa ipi inaruhusiwa kuwa sokoni. FDA ilipewa mamlaka juu ya tumbaku mwaka 2009, na vepu zikaingizwa humo kwa kanuni iliyoanza kutumika Agosti 8, 2016. Tangu siku hiyo duka haliruhusiwi kugawa sampuli za bure, na tangu Desemba 2019 umri wa kununua ni miaka 21 nchi nzima.

Majimbo nayo yana kodi, leseni, marufuku ya ladha na, siku hizi, madaftari ya bidhaa zinazoruhusiwa. Haya ndiyo yanayofunga duka haraka. Jambo la FDA linaweza kuvutana miaka mitano. Kodi ya jimbo inapitishwa Julai na kuanza kutozwa Oktoba. Ndiyo maana mwenye duka anayefuatilia habari za Washington tu hujikuta ameshtukizwa na watu wa jimboni kwake. Chini ya jimbo kuna kaunti na miji, na nayo ina swali lake huko mbele.

Kuna tofauti gani kati ya duka la vepu na kituo cha mafuta kinachouza vepu?

Kituo cha mafuta huuza katriji, yaani vifuko vidogo vya juisi vilivyofungwa tayari, za kampuni mbili tatu kubwa na vepu za kutumia na kutupa, pembeni ya soda na krisps. Duka la vepu linaishi kwa chupa za juisi, yaani kile kimiminika cha nikotini chenye ladha, pamoja na vifaa, koili (waya unaopasha juisi moto), betri, na kijana wa kaunta anayeweza kukubadilishia koili huku mnapiga soga. Marufuku ya ladha humpunguzia mwenye kituo cha mafuta sehemu ya mapato yake. Mwenye duka la vepu hubaki na rafu tupu.

Tofauti hii ieleweke vizuri, kwa sababu wabunge wengi hawaijui. Wengi wao hawajawahi kukanyaga duka la vepu hata siku moja.

Wenye maduka walianza lini kujipanga kwa dhati?

Vyama vilikuwepo tangu awali. CASAA, chama cha watumiaji, kilianzishwa 2009, na SFATA, chama cha wafanyabiashara, 2012. Lakini kilichowaamsha wenye maduka wengi kilikuwa kodi ya Pennsylvania ya 2016.

Jimbo lile lilikuwa na pengo la bajeti. Julai 2016 likapitisha kodi ya asilimia 40 ya bei ya jumla, ianze Oktoba 1. Kilichouma zaidi ni kwamba kodi iligusa pia mzigo uliokuwa tayari dukani siku hiyo. Tuseme una bidhaa ulizonunua kwa dola 50,000. Unadaiwa dola 20,000 kabla hujauza hata chupa moja, na fedha yenyewe imelala rafuni. Maduka mengi yalifunga ndani ya miezi michache, baadhi hata kabla ya Oktoba. Waliobaki walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 mahakama ya jimbo ikakubali kwamba kodi hiyo isitozwe kwenye vifaa na vipuri vinavyouzwa pekee, bila juisi. Ni ushindi wa maana, ila uliwakuta wenzao wengi wameshauza rafu na meza.

Kwani si mali ya makampuni yaleyale ya sigara?

Ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na mbunge, hata kama hatalitamka. Jibu fupi: makampuni ya sigara yamo kwenye biashara ya vepu, ila si wao wanaomiliki duka la mtaani. Altria, kampuni ya sigara, ilinunua asilimia 35 ya kampuni ya vepu ya Juul mwishoni mwa 2018 kwa dola bilioni 12.8, hesabu iliyoishia kuwa hasara kubwa, na 2023 ikainunua kampuni nyingine ya vepu, NJOY. Reynolds, nayo ya sigara, ina vepu za Vuse. Bidhaa hizi huuzwa zaidi kwenye vituo vya mafuta na maduka ya jirani.

Masilahi ya makampuni haya na ya duka dogo hukutana mara chache, na kwenye suala la madaftari yanagongana kabisa (tazama sehemu ya madaftari). Ukiombwa uweke jina lako kwenye kampeni iliyolipiwa na kampuni kubwa, uliza kwanza: sheria wanayoitaka ikipita, rafu yangu itabaki na nini?

## Kuanzisha chama cha jimbo

Tuko maduka machache tu. Chama kinaanzaje?

Vyama vingi vya majimbo vilianza na watu wasiozidi meza moja ya mgahawa. Kitu cha kwanza si nembo wala tovuti. Ni orodha: kila duka la vepu jimboni, liko wilaya ipi ya uchaguzi, na mwakilishi na seneta wa wilaya hiyo ni nani. Orodha hiyo ndiyo mali ya chama. Mbunge hajali kwamba kuna maduka mia mbili jimboni. Anachojali ni matatu yaliyoko kwake.

Baada ya orodha, mnasajili chama kisicho cha faida. Aina inayofaa wafanyabiashara ni ile ya kifungu cha 501(c)(6) cha sheria ya kodi. Inaruhusiwa kushawishi wabunge bila kikomo kile kinachowabana mashirika ya hisani. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la chama, si kwa jina la mwenyekiti. Ugomvi wa fedha umevunja vyama vingi kuliko wabunge walivyoweza.

Michango ya uanachama inapunguzwa kwenye kodi?

Sehemu tu. Fungu la mchango linalotumika kushawishi wabunge halipunguzwi kama gharama ya biashara, na chama kinatakiwa kuwaambia wanachama ni kiasi gani. Mhasibu wako atakuuliza, kwa hiyo tunza risiti.

Tunahitaji mshawishi wa kulipwa?

Bunge likikaa miezi miwili au mitatu tu kwa mwaka, kama yalivyo mengi, mambo huenda kasi mno kwa mtu mwenye duka la kufungua saa nne asubuhi. Mshawishi mzuri hawi na uchawi. Anajua muswada umehamishiwa kamati ipi, nani anauandika upya usiku, na karani gani hupokea maoni. Pia atakuambia ukweli mchungu kwamba muswada huu utapita, na kilichobaki ni kupigania kifungu kimoja.

Tahadhari moja: uliza ana wateja gani wengine. Kuna washawishi wanaotumikia pia kampuni kubwa ya tumbaku au mtandao wa vituo vya mafuta. Majimbo hutaka washawishi wasajiliwe na wateja wao watajwe hadharani, kwa hiyo jibu unaweza kulitafuta mwenyewe usiku huohuo.

Mwenye duka anayekwenda kujisemea kwa mbunge wake kwa kawaida hahitaji kusajiliwa. Ukianza kulipwa na chama kwa kazi hiyo, mambo yanabadilika, na kila jimbo lina mpaka wake.

Tukikutana, tunaweza kukubaliana bei ili tusiuane?

Hapana. Hata kwa mzaha. Kukubaliana bei au kugawana mitaa ni kosa chini ya sheria za ushindani za shirikisho, na mkutano wa chama si kichaka cha kujifichia. Kuungana ili kuishawishi serikali ni haki inayolindwa na Katiba, na mpaka uko hapo. Mtu akianza habari za bei, mwenyekiti akatishe na katibu aandike kwamba amekatisha.

Wateja wana nafasi gani?

Kubwa kuliko yako. Mbunge akikuona wewe anaona mtu anayelinda mfuko wake. Akimwona fundi wa bomba wa miaka hamsini na tano aliyevuta pakiti mbili kwa siku na sasa havuti, anaona mpiga kura. Mwaka 2019 kaulimbiu ya "We Vape, We Vote" (tunavuta vepu, tunapiga kura) ilienea kwa sababu hiyo, na Novemba mwaka huo watu waliandamana Washington. Rais Trump, aliyekuwa ametangaza Septemba kwamba ladha zote isipokuwa ya tumbaku zitaondolewa, alirudi nyuma. Sera ya FDA iliyotoka Januari 2020 ilibana ladha za katriji na kuziacha chupa za juisi kwenye maduka. Ilisaidia duka dogo, na ikafungua mlango kwa vepu za kutupa zenye ladha, ambazo leo ndizo zinazolisumbua.

Weka kadi kwenye kaunta, mteja aandike kwa mkono wake mwenyewe jina la mbunge wake na sentensi tatu. Barua mia moja zilizonakiliwa neno kwa neno huhesabiwa kama moja, na msaidizi wa ofisi huzitambua kwa aya ya kwanza.

## Mbele ya kamati

Nitajuaje kwamba kuna muswada?

Tovuti ya bunge la kila jimbo ina sehemu ya kutafuta miswada. Usitafute neno moja. Tafuta "vapor", "e-cigarette", "alternative nicotine", "electronic nicotine delivery", na pia "tobacco products", maana mara nyingi vepu huingizwa kwa kubadilisha tafsiri ya tumbaku tu, mstari mmoja ulio katikati ya kurasa arobaini. Minnesota ilifanya hivyo bila hata muswada: idara ya mapato ilisema tu kwamba juisi ya nikotini ni bidhaa ya tumbaku, na kiwango cha bidhaa hizo leo ni asilimia 95 ya bei ya jumla.

Chunguza pia bajeti. Tazama swali la bajeti kwenye sehemu ya mwisho.

Kikao cha maoni kinakwendaje hasa?

Unafika mapema, unajaza karatasi au fomu ya mtandaoni: jina, unaunga mkono au unapinga, unamwakilisha nani. Halafu unakaa. Kamati inaweza kuwa na miswada tisa siku hiyo, na wako ni wa nane. Wabunge wanatoka na kuingia; mmoja anakula sandwichi, mwingine yuko kwenye simu. Usikasirike. Ukiitwa, unaketi mbele ya maikrofoni, taa ya kijani inawaka, na una dakika mbili, au tatu ukibahatika. Ikiwa nyekundu, mwenyekiti anakushukuru hata kama uko katikati ya neno.

Maoni ya maandishi huingia kwenye kumbukumbu nzima nzima, kwa hiyo takwimu zote ziweke huko. Mdomoni sema kitu kimoja. Mfano wa maneno yanayosikika:

"Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa kamati, nina duka kwenye wilaya ya mheshimiwa seneta aliyeketi kulia kwako, na nimeajiri watu watano. Chupa hii ya mililita 100 nainunua dola 8. Kwa muswada huu, wa senti 10 kwa mililita, kodi yake itakuwa dola 10. Katriji ya kituo cha mafuta, yenye mililita 0.7, itatozwa senti 7. Naomba juisi ya chupa ipewe kiwango chake peke yake kwenye kifungu cha kodi. Ahsante, niko tayari kwa maswali."

Hapo umewaonyesha chupa, umetoa hesabu wanayoweza kuirudia, na umeomba jambo moja. Ukiondoka bila kuomba kitu mahususi, umepiga porojo.

Kodi ipi ni nafuu kwa duka dogo?

Inategemea unauza nini, na hapa watu wenye nia njema hujikwaa. Kodi kwa mililita husikika ya haki, na kiwango cha Ohio, senti 10, kinaonekana kidogo. Rudia hesabu ya hapo juu: inambeba mwenye katriji na kumwelemea mwenye chupa. Kodi ya asilimia ya bei ya jumla nayo, ikiandikwa ovyo, hukamata vifaa na betri, kama ilivyotokea Pennsylvania.

Kentucky mwaka 2020 ilitenganisha: dola 1.50 kwa kila katriji iliyofungwa, asilimia 15 ya bei ya jumla kwa mfumo wa wazi, yaani ule unaojazwa juisi ya chupa. Si nafuu sana, lakini mtu anaweza kufanya hesabu na kuendelea kuishi. Unapojua kodi lazima ipite, mfano wa namna hii una faida kuliko kusimama na kusema "hatutaki kodi" hadi mlango ufungwe. Na hakikisha kifungu cha mzigo uliopo dukani kinaondolewa au kinapewa muda wa kulipa.

Wakiniuliza kuhusu watoto, nijibu nini?

Usianze kwa kukanusha. Mwaka 2019, uchunguzi wa kitaifa wa wanafunzi ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari ya juu walikuwa wametumia vepu ndani ya siku 30. Kufikia 2024 ilikuwa asilimia 7.8. Kushuka huko ni kukubwa, lakini bado ni watoto wengi, na nikotini inalevya. Mzazi aliyekaa nyuma yako akisubiri zamu yake hakuja kwa sababu ametumwa na mtu.

Sema unachokifanya mlangoni: kitambulisho kinaskaniwa, hakuna anayeingia chini ya miaka 21, na tangu Septemba 30, 2024 kanuni ya shirikisho inakutaka ukague kitambulisho cha kila anayeonekana kuwa chini ya miaka 30. Leta matokeo ya ukaguzi wako. Kisha unga mkono faini kali kwa anayewauzia watoto na kumnyang'anya leseni anayerudia. Vyama vinavyopinga hata hilo hupoteza kamati nzima.

Kabla ya yote hayo, bandua bango la katuni dirishani. Picha moja ya dirisha lako kwenye simu ya mpinzani inamaliza dakika zako zote.

Naweza kusema vepu husaidia kuacha sigara?

Mbele ya kamati unaweza kueleza yaliyokupata wewe, na kutaja ushahidi wa kisayansi kuhusu watu wazima walioacha kwa njia hiyo, ambao upo. Dukani ni habari nyingine. Kibandiko, tangazo au ukurasa wa duka unaodai kwamba bidhaa inatibu uraibu au ina madhara pungufu bila idhini ya FDA ni kosa. Watengenezaji walilipinga katazo la madai ya madhara pungufu mahakamani, na Desemba 2019 mahakama ya rufaa ya Washington ikawakatalia. Mwambie kijana wako wa kaunta pia.

## Madaftari ya bidhaa

Daftari la jimbo ni nini?

Ni orodha ya vepu zinazoruhusiwa kuuzwa jimboni. Mtengenezaji anaapa kila mwaka, na kulipa ada, kwamba bidhaa yake ina idhini ya FDA au ilikuwa na maombi yaliyowasilishwa kufikia Septemba 9, 2020 na bado yanashughulikiwa. Isiyo kwenye orodha ni magendo. Alabama na Oklahoma zilitangulia mwaka 2021, Louisiana ikafuata, kisha Kentucky, Wisconsin na wengine. Wisconsin faini yake ni dola 1,000 kwa siku kwa kila bidhaa.

Ugumu uko kwenye idhini zenyewe. FDA ilipokea maombi ya bidhaa zaidi ya milioni 6.5 kufikia tarehe ile. Hadi mwishoni mwa 2025 zilizopita zilikuwa dazeni chache tu, zote za ladha ya tumbaku au mentholi, na nyingi ni za makampuni makubwa.

Nani anayataka?

Serikali za majimbo zinataka chombo cha kukabiliana na vepu za kutupa zinazoingia kutoka Uchina bila idhini. Makampuni makubwa ya tumbaku nayo yamekuwa yakiunga mkono miswada hii waziwazi, na sababu haijifichi: bidhaa zao ziko kwenye orodha, za washindani wao hazipo. Kwa maoni yangu huu ndio mjadala ambao wenye maduka wameuchelewa kuliko yote. Walikuwa wamezoea kukaa meza moja na wanaopigania afya ya watoto, wakabishana nao ladha kwa ladha, na muswada uliokuja kufunga duka ukaletwa na mlango mwingine, umevaa lugha ya utaratibu tu.

Tukishindwa kuuzuia, tuombe nini?

Muda mrefu wa kumaliza mzigo uliopo. Onyo kabla ya faini ya kwanza. Juisi ya chupa iondolewe au iwekewe utaratibu wake. Na bidhaa zenye kesi ya rufaa dhidi ya FDA zibaki kwenye orodha hadi kesi iishe. Hayo ni mambo ambayo wabunge wamewahi kuyakubali sehemu moja au nyingine, na kila moja linakupa miezi ya kupumua.

## Mahakamani

Ni lini inafaa kwenda mahakamani?

Pale sheria ilipovuka mipaka ya Katiba au gavana alipovuka mamlaka yake, si pale tu ilipokuumiza. Indiana ndiyo kesi ya kusimulia. Sheria yake ya 2015, iliyoanza kubana kikamilifu Julai 2016, ilimtaka mtengenezaji wa juisi awe na mkataba wa miaka mitano na kampuni ya ulinzi yenye sifa za ajabu, mojawapo ikiwa mfanyakazi mwenye cheti cha ufundi wa milango ya chuma ya kuzuia moto. Kumbe kampuni iliyotimiza masharti ilikuwa moja, nayo iko Indiana. FBI ikaanza kuuliza maswali. Januari 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa saba, yaani kanda inayojumuisha Indiana, ilisema jimbo haliwezi kupanga jinsi kiwanda cha jimbo lingine kinavyoendeshwa. Mwaka huohuo bunge la Indiana likaifuta mitambo hiyo yote ya ulinzi, na kazi hiyo ya bungeni ilifanywa na wenye maduka wenyewe, kwa kwenda na kurudi.

Mwaka 2019 mafunzo yalikuwa tofauti. Ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na vepu ulilaza au kuua watu 2,807, wakiwemo 68 waliokufa, kwa hesabu ya CDC, taasisi ya shirikisho ya kudhibiti magonjwa, hadi Februari 2020. Wengi walikuwa wametumia bidhaa za bangi za magendo zenye asetati ya vitamini E, lakini magavana walipiga marufuku bidhaa za maduka halali. Michigan, kesi ya mwenye duka wa Houghton ilisaidia kusitisha amri ya gavana Oktoba 2019. New York nako mahakama ilisitisha. Ila Aprili 2020 bunge la New York likapitisha marufuku ya ladha kwa sheria kamili, na mahakama haikuwa na la kusema tena. Massachusetts haikungoja hata hapo: Novemba 2019 ilipitisha marufuku ya ladha na kodi ya asilimia 75. Mahakama hukupa muda. Ukiutumia kulala, umeupoteza.

Na madaftari, mahakama zinasemaje?

Zinatofautiana. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho Iowa alisitisha kwa muda utekelezaji wa sehemu kuu ya daftari la jimbo hilo, akiona linaingilia kazi ya FDA. Miezi michache baadaye jaji wa Wisconsin alikataa ombi la namna hiyohiyo. Mwulize wakili hali ya jimbo lako leo, si ya mwezi uliopita.

Mahakama Kuu ya Marekani imeshaamua nini?

Mambo mawili mwaka 2025. Aprili, kwa kauli moja, ilikubali kwamba FDA haikukosea ilipokataa maombi ya juisi zenye ladha kwa njia iliyozikataa. Juni ilisema maduka ya rejareja yana haki ya kufungua kesi pale kampuni inaponyimwa idhini, si kampuni peke yake. Uamuzi wa kwanza uliumiza. Wa pili una maana kwa chama cha jimbo, kwa sababu duka sasa linaweza kuwa mdai na kufungua kesi kwenye mzunguko wake.

## Hali zisizo za kawaida

Nina kadi ya kijani, si raia. Naruhusiwa kushiriki?

Ndiyo. Kuandika kwa mbunge, kutoa maoni kwenye kamati na kujiunga na chama si haki ya raia peke yake. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa pia kuchangia kampeni chini ya sheria ya shirikisho. Asichoruhusiwa ni kupiga kura, na kujiandikisha kupiga kura kimakosa kunaweza kukuharibia uraia kabisa, kwa hiyo ukikabidhiwa fomu ya kujiandikisha kwenye mkutano, irudishe.

Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, hali ni nyingine: haruhusiwi kuchangia mgombea yeyote, wa shirikisho, wa jimbo wala wa mji. Hata tiketi ya chakula cha jioni cha mgombea ni mchango.

Naweza kumchangia mgombea kwa hundi ya duka?

Baadhi ya majimbo yanaruhusu kampuni kuchangia wagombea wa jimbo, mengine yanakataza kabisa. Kwa wagombea wa shirikisho, kampuni iliyosajiliwa haiwezi. Ukiwa na shaka, toa kutoka mfukoni mwako na uandike jina lako.

Marufuku imefichwa ndani ya bajeti. Tufanye nini?

Muswada wa bajeti lazima upite, na hakuna mbunge atakayeuangusha kwa ajili ya juisi. Pennsylvania 2016 na New York 2020 zote zilikuja kwa njia ya fedha. Kazi hapo haiko kwenye kikao cha maoni, iko kwa wajumbe wa kamati ya fedha wiki kadhaa kabla, na inataka hesabu: jimbo linategemea kuvuna kiasi gani, na kitabaki kiasi gani wateja wakivuka mpaka kwenda kununua jimbo jirani? Maduka yaliyo karibu na mpaka yana ushahidi wa hili kwenye namba za magari ya wateja wao.

Mji wetu umepiga marufuku peke yake, jimbo halijafanya kitu.

Angalia kwanza kama sheria ya jimbo inauruhusu mji kufanya hivyo. Ohio, bunge lilitaka kuizuia miji na hata kupindua kura ya turufu ya gavana mwanzoni mwa 2024. Miji, Columbus ikiwa mbele, ikaenda mahakamani na kupata zuio.

Kura ya maoni ni njia ya mwisho na ya gharama, na rekodi yake ni mbaya. San Francisco, 2019, pendekezo lililoanzishwa na Juul lilikataliwa kwa zaidi ya kura nne katika kila tano. California nzima iliidhinisha marufuku ya ladha Novemba 2022. Denver ikafanya hivyo hivyo Novemba 2025. Kwenye chumba cha kamati unamshawishi mtu mmoja anayekujua. Kwenye kura ya maoni unapambana na matangazo ya televisheni.

Nauza pia bidhaa za katani (hemp, jamii ya bangi). Nizichanganye kwenye utetezi wangu?

Usizichanganye. Texas ilionyesha kinachotokea: sheria iliyoanza Septemba 1, 2025 ilikataza vepu zenye kemikali za bangi na, humohumo, vepu zilizotengenezwa Uchina. Mambo hayo yakiwa muswada mmoja, mbunge anayechukia moja huua yote.

Ndugu yangu ana duka kama hili Afrika Mashariki. Haya yanamfaa?

Uganda hapana: sheria ya tumbaku ya 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za kielektroniki, na kumpelekea mzigo kutoka huku ni kumtafutia kesi. Kenya, Katiba ya 2010 inalitaka Bunge lishirikishe umma, kifungu cha 118, na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi. Memoranda ya maandishi hupokewa na karani wa Bunge baada ya tangazo kutoka magazetini, na muda wake ni mfupi. Yaliyoandikwa hapa kuhusu kuomba jambo moja mahususi, na kuleta chupa yenyewe na hesabu yake, yatamfaa huko pia. Habari za kodi na madaftari ziko mbali na yake.